Laini ya Bibi Mwanaiddi

Hebu jaribu kumwona Hadia siku ile anafika Majimoto mara ya kwanza. Pikipiki aliyoipanda Kibaoni imemlisha vumbi lote la njia, ushungi wake wa bluu umegeuka rangi ya tofali, na mgongoni amebeba kitu kama mtoto, kimefungwa ndani ya mfuko wa mbolea. Wanawake waliokuwa wanapepeta mpunga kando ya mashine ya kukoboa wanasimamisha ungo. Mmoja wao anamuuliza, "Binti, mtoto huyo mbona halii?"

Hadia anafungua mfuko na kuwaonyesha kompyuta.

"Huyu analia umeme ukikatika tu," anasema.

"Basi huku kwetu atalia mpaka apoteze sauti."

Wakacheka wote, akapewa kigoda. Aliyemwuliza ndiye Pudensiana, ambaye wengi humwita mama Maiko, mkulima wa mpunga kama walivyokuwa mama yake na bibi yake. Nawaomba mumkumbuke, kwa sababu tutakutana naye tena.

Hadia ni mtoto wa Mpanda mjini. Babu yake, mzee Sadalla, alitoka Tabora akiuza sufuria kwa baiskeli, akafungua duka la vitenge na vyombo pale sokoni, akafia hapohapo Mpanda. Mama yao alipofariki, Hadia na kaka yake Feisal walilelewa na bibi yao, Mwanaiddi, mjane wa huyo mzee. Bibi ndiye aliyemsomesha Hadia mambo ya kompyuta mpaka chuo. Akamaliza, akarudi, akakaa dukani anakunja vitenge kama vile hajaenda popote. Kazi aliomba, majibu hakuyaona.

Aliyemtoa kwenye vitenge ni Josephat, kijana wa Majimoto aliyesoma naye sekondari. Josephat alikuja mjini siku moja amekasirika. Mama yake alikuwa ameuza mpunga wote kwa dalali mmoja aitwaye Danford, kwa bei ambayo Mpanda ilishapitwa zamani, tena kwa lumbesa, yale magunia yanayovimbishwa juu mpaka yanaonekana yana mimba.

"Mama hakuuliza bei ya mjini?" Hadia akamuuliza.

"Amuulize nani? Anayeijua ni Danford."

Biashara yao ilizaliwa katika maneno hayo mawili matatu. Hadia akatengeneza programu. Mkulima anaandika neno "bei" kwenye kitochi chake, anatuma kwenye namba moja, na kabla hajarudisha simu mfukoni anajibiwa: leo mashine za Mpanda zinanunua hivi, na lori la fulani litapita upande wenu keshokutwa. Feisal alikuwa na kazi ya kuzunguka mashine za mjini kila asubuhi akishatoka msikitini, anauliza bei, anamletea dada yake. Josephat alikuwa na watu. Yeye ndiye aliyejua nani ana mpunga na nani ana maneno tu. Wenye malori na wenye mashine walichangia kidogo ili watajwe. Simu ya kupokea ujumbe ikawekwa chumba cha nyuma cha duka la Bibi, imeunganishwa na kompyuta, katikati ya marobota ya vitenge.

Ikabaki habari ya laini. Siku hizi, mnajua wenyewe, laini lazima iwe ya mtu, mwenye namba ya kitambulisho cha taifa na kidole chake kwenye mashine. Sasa iwe ya nani?

"Iwe yangu," alisema Feisal. "Mimi ndiyo mkubwa."

Josephat akainamia kandambili zake. Hadia akamwona.

"Ikiwa yako, kaka, Josephat hapa ni mgeni. Ikiwa yangu, wewe utanuna."

"Mimi huwa sinuni."

"Umeshaanza."

Lakini nyumba ya mzee Sadalla ilikuwa na desturi yake. Kila kinachoanzishwa kiliandikwa jina la Bibi. Leseni ya duka, cherehani ya shangazi yao, pikipiki ya kwanza ya Feisal, vyote vilikuwa vya Mwanaiddi kwenye karatasi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeiweka desturi hiyo, ili asije mjukuu mmoja akamwambia mwenzake, hiki changu, toka. Na kweli, miaka yote ile hakuna aliyemwambia mwenzake toka. Basi wakaenda wote watatu kwa Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Na wewe mtoto wa Kipimbwe wa Majimoto," Bibi akamwambia Josephat, "Mkatoliki mzima, unakubali mali yako iandikwe kwa bibi wa Kiislamu?"

"Nakubali, Bibi, mradi usinifungishe Ramadhani."

"Nitakufungisha. Wewe utazidi kupendeza, hilo tumbo litarudi."

Josephat alicheka, na ukweli ni kwamba alipumua. Bibi hakuwa na upande. Wakampeleka kwa wasajili wanaokaa chini ya mwavuli karibu na stendi, akaweka kidole cha mkono wa kulia, mashine ikakikubali mara moja. Akarudi nyumbani anakiangalia kidole chake kama kimefaulu mtihani.

Mambo yalikwenda, jamani. Namba ile iliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za mashine, Majimoto, Mamba, mpaka Usevya. Vijana wa pikipiki waliibandika nyuma ya tairi. Watoto waliiimba wakiruka kamba, hata wasiojua ni ya nini. Wazee waliokuwa hawajui namba za watoto wao wenyewe walikuwa wanaijua hii kichwani. Msimu huo Danford alikuta watu wanamtajia bei kabla hajashuka kwenye gari. Alivimba kuliko lumbesa yake.

Palipo na asali nzi hawakosi kunusa. Wakaja matapeli. Mmoja alimpigia Pudensiana, sauti nzuri kabisa, akamwambia, mama, sisi ni wale wa bei ya mpunga, namba yetu imebadilika, andika hii mpya, na lori letu liko njiani, pakia kabisa. Pudensiana alipakia. Bahati dereva aliharibikiwa gari palepale kijijini, watu wakajaa, ikagundulika kwamba lori lile halina mwenyewe anayejulikana. Mpunga ukashushwa. Lakini kijiji kizima kilitetemeka.

Jumapili iliyofuata Josephat aliomba nafasi kwa katekista baada ya ibada, akasimama mbele.

"Nisikilizeni," alisema. "Namba yetu haibadiliki. Haitabadilika. Mtu akikuambia imebadilika, huyo mwizi, kata simu. Hata akiwa na sauti yangu, kata. Hata akijua jina la mama yako, kata."

"Tukate?" aliuliza akiwachokoza.

"Tukate," kanisa zima likajibu.

Alirudia maneno hayo Mamba, akayarudia mnadani kwa wafugaji. Ikawa kama salamu. Watu wakikutana njiani, mmoja anasema namba haibadiliki, mwenzake anajibu kata. Matapeli walikimbia, na Josephat alitembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Kipupwe cha mwaka uliofuata, Bibi Mwanaiddi alipata kiharusi. Aliamka asubuhi, akataka kushika birika, mkono ukakataa. Hospitali walimsaidia, hakufa, tunashukuru. Ila mkono wa kulia ulijikunja, vidole vikaingia ndani ya kiganja kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kukionyesha. Maneno nayo yalipungua. Aliyobaki nayo aliyatumia vizuri, akisema chai, akisema mvua, akiwaita wajukuu kwa majina ya marehemu. Hadia alimwogesha, alimlisha, kazi ya kompyuta akaifanyia kando ya kitanda.

Halafu, mwishoni mwa masika, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa bondeni, radi ilipiga nguzo nyuma ya soko. Dukani kompyuta iliungua. Simu iliyokuwa kwenye chaji iliumuka kama andazi, na laini ndani yake ikayeyuka ikashikana na betri. Feisal alijaribu kuibandua kwa kisu. Ilitoka vipande.

"Kompyuta tutaazima," Hadia alisema. "Programu ninayo, nilishaihifadhi mahali pengine. Tukarudishe laini tu."

Hakuogopa kabisa. Nani asiyerudisha laini? Watu wanapoteza simu kila siku wanarudishiwa namba zao kabla ya chakula cha mchana.

Walimpandisha Bibi kwenye bajaji, Hadia upande mmoja, Feisal mwingine. Ofisini walimkuta dada aitwaye Jeniffer, mpole, aliyewahi kununua vitenge dukani kwao. Akachukua namba ya kitambulisho, akasogeza mashine ya alama za vidole.

"Bibi, nipe kidole."

Bibi akamtazama. Hadia akaushika mkono wa kulia, akaukanda, akaupapasa. Haukufunguka. Wakahamia wa kushoto. Jeniffer aliufuta kwa spiriti, akaupaka mafuta, akaufuta tena. Mashine ikakataa kidole gumba, ikakataa cha pili, ikakataa vyote. Bibi husugua kwa kushoto, na mkono ule ndio uliosugua sufuria za duka kwa mchanga na majivu tangu akiwa bibi harusi. Mistari ilikuwa imekwisha.

Feisal akarudi kwenye ule wa kulia. Akaingiza kidole chake chini ya kidole cha Bibi, akavuta. Bibi akatoa sauti ndogo, kama ya paka.

"Kaka, taratibu," Jeniffer akasema.

"Nafungua kidogo tu."

"Feisal, acha," Hadia akamwambia, na akaacha.

Jeniffer akawapa matumaini. Ipo njia kwa watu ambao vidole vyao havisomeki, alisema. Yeye anajaza maombi, yanakwenda juu, wanasubiri. Ila mwenye laini aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba laini ni yake na anaitaka.

"Bibi," akauliza, akiinama amfikie uso, "laini hii ni yako?"

Bibi Mwanaiddi alifikiri. Mtu aliweza kuona neno linatafutwa huko ndani, linakaribia, linapotea, linarudi. Uso wake ukachangamka.

"Ya watoto," alisema.

Hadia akamwinamia.

"Bibi, si ya kwako? Si uliweka kidole kule stendi?"

"Ya watoto," Bibi akarudia, na akatabasamu kwa kila mmoja, kwa jinsi alivyofurahi kueleweka.

Jeniffer alishusha mikono kutoka kwenye kompyuta. "Mmemsikia wenyewe," alisema. "Msinione mbaya. Nyie nawafahamu. Lakini hapa wanaletwa wazee kila wiki, wanaowaleta wanataka laini zenye pesa za wazee wenyewe, na wote wanasema ni ya familia. Nikianza kusikia ninachotaka kusikia, nitakuja kumwibia mama wa mtu."

"Sasa tufanyeje?"

"Mrudisheni apumzike. Siku akiwa vizuri, mleteni. Ila msichelewe sana. Laini ikikaa kimya muda mrefu inachukuliwa, anapewa mtu mwingine."

Hadia ndipo aliposhika kichwa. Mpaka hapo alikuwa akifikiria biashara. Sasa akamfikiria huyo mtu mwingine, popote alipo, amenunua laini mpya, anaiweka kwenye simu, na ujumbe wa bondeni unaanza kumwingilia: bei, bei, bei. Akijibu lolote ataaminiwa.

Akapanda basi la asubuhi, akashuka Kibaoni, akafika Majimoto na vumbi lake kama siku ya kwanza. Safari hii alileta namba mpya, iliyosajiliwa kwa jina lake. Josephat alikuwa anamsubiri, hajalala vizuri. Wakaanza kwa Pudensiana, waliyemkuta anashona magunia.

"Shikamoo mama Maiko."

"Marahaba mwanangu. Mbona ile namba imenyamaza? Nimetuma mpaka vocha imekwisha."

Hadia akamweleza yote, radi, laini, mkono wa Bibi. Pudensiana alisikitika sana, akauliza Bibi anakula nini, akaingia ndani akatoka na mchele mpya kidogo wa kumpelekea mgonjwa. Kisha Hadia akamtajia namba mpya. Pudensiana akachoma sindano yake kwenye gunia.

"Hiyo hapana."

"Mama, ni mimi. Unaniona."

"Nakuona. Na nakupenda. Lakini namba haibadiliki."

"Mama Maiko," Josephat akaingilia, "aliyesema hivyo si mimi?"

"Wewe ndiyo ulisema. Ukasema hata sauti yako tuikate. Sasa nikate au nisikate?"

"Usikate."

"Mwizi naye angesema hivyohivyo."

Hakuwa anawakomoa. Alikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyewahi kuona mpunga wake juu ya lori la wengine. Walipofika mnadani ikawa kichekesho. Manyanda, Msukuma mwenye ng'ombe na mashamba, aliwasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Josephat kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Matapeli wote niliowahi kuwasikia hawana sura. Wewe ndiyo wa kwanza tunayemjua mpaka na baba yake."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Josephat naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia haraka. Jumapili alisimama tena kanisani. Wapo waliomwamini. Wapo walioondoka wakinong'ona kwamba wale wenye biashara wamegombana, yule binti wa mjini anataka kumwibia mwenzake watu. Neno hilo lilikimbia kuliko pikipiki. Danford hakulianzisha, ila alilipa usafiri. Gari lake likaanza kuonekana bondeni, na magunia yenye mimba yakarudi.

Jioni Josephat alimsindikiza Hadia mpaka kwenye pikipiki.

"Nilijenga ukuta," alisema, "nikajifungia nje."

"Ulijenga ukuta mzuri."

"Rudisha ile laini, Hadia. Hawa hawatanisikia tena. Watasikia ile namba peke yake."

Hadia aliporudi Mpanda alimkuta Feisal amekaa kwenye mkeka mbele ya Bibi, na bakuli la uji katikati yao.

"Bibi, sema yangu."

Bibi akamtazama.

"Laini ya nani? Sema yangu. Ya-ngu."

"Ya watoto," alisema Bibi, akafungua mdomo apewe uji.

"Tangu asubuhi," Feisal alimwambia dada yake bila kugeuka. "Amewahi kusema yangu. Nimemsikia, alikuwa anaomba shuka. Kwa hiyo neno analo."

"Kaka, unamfundisha aseme asichokiamini."

"Ni uongo gani? Karatasi inasema yake. Kidole kilikuwa chake. Wewe mwenyewe ulimshika bega kule stendi."

Ni kweli, karatasi ilisema ya Bibi. Ni kweli pia kwamba wao wote wanne, siku ile, walijua si yake. Feisal aliufuta uji kidevuni mwa Bibi kwa upole, kwa sababu Feisal si mtu mbaya, asije mtu akamwona hivyo.

"Yule dada alisema siku akiwa vizuri," aliendelea. "Kesho tunampeleka. Tutamfungua ule mkono kwa maji ya moto kwanza, taratibu. Akikataa kusema yangu, aitikie kwa kichwa. Nitamuuliza mimi, anajua sauti yangu."

"Tuliporudi siku ile hakula mpaka kesho yake."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na mkono ulivimba."

"Hadia. Najua. Unataka namba ipewe mtu gani? Mama Maiko atamtumia huyo mtu ujumbe, atajibiwa, atapakia. Hapo utakaa kando ya kitanda useme nini?"

Hadia alikwenda jikoni, akaosha mchele wa Pudensiana, akaupika laini kama Bibi anavyopenda. Alijaribu kutafuta njia nyingine. Alishampigia mwalimu wake wa chuo, naye akamwambia kuhamisha umiliki nako kunahitaji mwenye laini. Alishaomba redio watangaze, wakamtaka alete uthibitisho kwamba namba ni yake. Kila mlango aliougonga, nyuma yake alikaa Bibi yuleyule, na mkono uleule uliofungwa.

Asubuhi bajaji ilikuja mapema, ikazima injini mlangoni. Feisal alikuwa ameshachemsha maji, beseni liko sakafuni linatoa mvuke. Josephat alikuwa amepiga simu kutoka Majimoto: wameanza kuvuna upande wa juu, na watu wanaendelea kutuma ujumbe kwenye ile namba wakidhani mtandao ndio unasumbua. Bibi Mwanaiddi alikuwa ameamka na furaha. Alikaa kwenye mkeka, mtandio umemkaa vizuri, kikombe cha chai kwenye mkono wa kushoto, na alipomwona Hadia anaingia alimwita kwa jina lake mwenyewe, Hadia, ambalo hakuwa amelitamka tangu augue.

Hadia alipiga magoti mbele yake. Feisal akasimama mlangoni na taulo, akisubiri dada yake aseme neno. Nje dereva akapiga honi, si kwa hasira, kuwakumbusha tu kwamba yupo.

Ungekuwa wewe ndiye Hadia, ungeichukua taulo ile, au ungemwambia dereva aende zake?